Oktoba ya waridi: mama aambiwe yote kabla ya kupimwa

Ikifika Oktoba, Lubumbashi huvaa rangi ya waridi. Fulana zinagawiwa, kina mama wanatembea kwa miguu kuelekea katikati ya mji, magari yenye vipaza sauti yanapita Kenya, Katuba na Kampemba. Ujumbe haubadiliki: mama, ukishafika miaka 40, nenda ukapimwe maziwa, ni bure. Kisha Novemba inaingia na mvua zake, fulana zinabaki za kulalia, na mazungumzo yanafungwa hadi mwaka ujao.

Hatuna ugomvi na wanaopanga kampeni hizo. Si zamani sana neno kansere lilisemwa hapa mjini kwa kunong'ona tu, au halikusemwa kabisa. Watu walisema "ugonjwa ule". Leo linatamkwa redioni, kanisani, hata sokoni, na hilo ni jambo kubwa. Ugomvi wetu ni na sentensi yenyewe. "Nenda ukapimwe" ni amri. Haimwambii mama atapimwa kwa njia gani, jibu linaweza kuwa la namna gani, na likiwa baya nani atalipa hatua ya pili. Mwanamke wa miaka 45 au 55 ambaye amelea watoto, ameendesha meza yake sokoni na kusimamia matanga ya ukoo mzima anaweza kuelewa mambo hayo yote. Shida ni kwamba hakuna anayekaa naye chini kumweleza.

Tuanze na jambo ambalo kampeni nyingi zinalichanganya. Kuna mwanamke asiye na dalili yoyote, anayejisikia mzima, na anaitwa kupimwa ili kama kuna ugonjwa umejificha uonekane mapema. Na kuna mwanamke ambaye tayari ameona kitu: uvimbe ambao mara nyingi hauumi, ngozi ya titi inayobonyea au kukakamaa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, damu inayotoka kwenye chuchu, au uvimbe kwapani. Hawa ni watu wawili tofauti na mambo yao ni tofauti.

Kwa yule wa pili hakuna mjadala. Aende kwa daktari wiki hii, asingoje Oktoba, awe na miaka 28 au 70. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hakuna mtu anayeweza kujua kwa kuutazama tu, wala kwa kuuombea.

Kwa yule wa kwanza, aliye mzima, kuna kuchagua. Hapo ndipo maelezo yanapokosekana.

Wengi wetu tunadhani nchi tajiri zimeshamaliza swali hili: huko kila mwanamke anapigwa mamografi na mambo yamekwisha. Si hivyo. Uingereza inawaita wanawake kuanzia miaka 50 hadi kabla ya kutimiza 71, mara moja kila miaka mitatu. Marekani, mwaka 2009, jopo la wataalamu wanaoishauri nchi kuhusu vipimo lilisema wanawake wa miaka 40 hadi 49 wasiitwe wote kwa mkumbo. Kila mmoja aamue na daktari wake. Maneno hayo yalizua kelele kubwa. Mwaka 2024 jopo hilohilo likabadilisha msimamo: sasa linashauri kipimo kila baada ya miaka miwili kuanzia 40 hadi 74. Kati ya sababu zilizotajwa ni kuongezeka kwa saratani kwa wanawake walio katika miaka yao ya 40, na kwamba wanawake weusi wa huko wanakufa kwa ugonjwa huu zaidi ya wazungu, kwa tofauti ya karibu asilimia 40.

Nchi mbili zenye mashine, madaktari na pesa, zikisoma tafiti zilezile, zimefika kwenye majibu mawili. Sababu ni kwamba kipimo kina faida na kina gharama, na kuzipima hizo mbili kunategemea mtu anathamini nini.

Faida ipo. Mwaka 2012 jopo lililoongozwa na profesa Michael Marmot lilipitia tafiti zote kwa ajili ya Uingereza. Hesabu yake ilikuwa hivi: ukiwaita wanawake 10,000 wenye miaka 50 na kuendelea kuwaita kwa miaka 20, utazuia vifo vya saratani ya matiti kama 43. Hao ni mama 43 wanaobaki na watoto na wajukuu wao. Lakini katika wanawake haohao 10,000, wengine kama 129 wataambiwa wana saratani, watakatwa, pengine watachomwa mionzi na kupewa dawa, kwa ajili ya uvimbe ambao usingewasumbua maisha yao yote. Kuna saratani zinazokwenda polepole kiasi kwamba mtu angekufa kwa uzee bila kujua kuwa alikuwa nayo. Balaa ni kwamba siku ile ya kipimo daktari hawezi kutofautisha ile ya polepole na ile ya haraka, kwa hiyo zote zinatibiwa.

Halafu kuna kengele za uongo. Marekani, katika kila wanawake 100 wanaopigwa mamografi, karibu 10 wanaitwa tena kwa vipimo vingine, na wengi sana kati yao hawana kitu. Huko kuitwa tena kunamaanisha wiki mbili za kukosa usingizi. Hapa kwetu kunamaanisha ekografi ya kulipia, biyopsi ya kulipia, nauli, na ukoo mzima unaokaa kuuliza nani amemroga.

Je, hesabu hizo zinasema mwanamke asipimwe? Hapana. Mwanamke mmoja atazisoma na kusema: hata kama nafasi ya kuokoka ni ndogo, naitaka. Mwingine atasema: mimi ni mzima, sitaki kuanza safari hiyo. Wote wawili wamefikiri sawasawa. Asiyetendewa haki ni yule aliyepangwa kwenye foleni bila kuambiwa lolote.

Na hesabu hizo ni za Uingereza. Zikiletwa Haut-Katanga zinabadilika, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni umri. Katika nchi zetu wanawake wengi wanaogunduliwa na saratani ya matiti ni wa umri mdogo kuliko wa Ulaya, kwa sehemu kubwa kwa sababu sisi wenyewe ni taifa la vijana. Na mamografi huona vibaya zaidi kwenye titi la mwanamke ambaye bado hajafikia kukoma hedhi, kwa kuwa nyama yake imeshikana: kwenye picha uvimbe ni mweupe na titi lenyewe ni jeupe. Kwa hiyo mashine inayotegemewa kwa mwanamke wa miaka 60 kule London inaweza kumpa mwanamke wa miaka 41 wa Ruashi karatasi inayosema "hakuna kitu" wakati kitu kipo. Mama huyo, akishika karatasi hiyo, baada ya miezi minne akagusa uvimbe, atajiambia: si nilipimwa? Mtu mmoja wa kampeni angemwambia sentensi moja tu siku ile, kwamba jibu zuri la leo halifuti dalili ya kesho, na hilo lingetosha.

Sababu ya pili ni njia inayofuata baada ya kipimo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa msimamo wake mwaka 2014 kuhusu jambo hili na halikuzunguka: mahali ambapo mfumo wa afya ni dhaifu, kuwaita wanawake wazima wote kwenye mamografi si matumizi mazuri ya pesa kidogo iliyopo. Kitangulie kwanza kuwagundua mapema wale wenye dalili na kuwatibu upesi. Baadaye shirika hilo likaweka malengo: angalau asilimia 60 ya saratani hizi zigunduliwe zikiwa bado katika hatua ya kwanza au ya pili, mgonjwa apate jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu alipofika kwa mganga mara ya kwanza, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao.

Siku 60. Hesabu hiyo ndiyo inatupeleka kwenye jambo lililotufanya tuandike tahariri hii, na msomaji atanisamehe nikiacha "sisi" ya gazeti kwa kitambo.

Mama mkubwa wangu aliishi Katuba. Alikuwa na miaka 52 alipogusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, akioga. Hakikuuma, kwa hiyo alingoja. Alipokwenda kituo cha afya cha mtaani alipewa dawa za kuua vijidudu na kuambiwa arudi zikiisha. Zikaisha, akarudi, akapewa nyingine. Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyesema twende mjini. Ekografi ililipwa siku hiyohiyo. Biyopsi ilingoja mwisho wa mwezi, pesa ipatikane. Jibu la biyopsi nalo lilikawia, tukapiga simu, tukaambiwa bado, tukapiga tena. Kutoka siku ile ya kuoga hadi siku tuliposhika karatasi yenye jina la ugonjwa ilikuwa miezi minane. Hakuna mtu hata mmoja kwenye njia hiyo aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alifanya kipande chake na kumpeleka kwa mwingine. Lakini hakuna aliyemweleza, tangu mwanzo, kwamba kuna kitu kinaitwa biyopsi, kwamba bila hicho hakuna jibu, na kwamba kila mwezi unahesabika. Angejua, angeuza cherehani yake mwezi wa pili badala ya wa saba. Alisema hivyo mwenyewe. Alizikwa mwaka jana.

Hadithi yake si ya pekee. Utafiti mkubwa uliofuata zaidi ya wanawake 2000 wenye saratani ya matiti katika nchi tano za Afrika, pamoja na jirani zetu wa Zambia na Uganda, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu ni karibu nusu tu waliokuwa bado hai. Watafiti walihesabu kuwa kati ya robo na zaidi ya theluthi ya vifo vile vingeweza kuepukwa kama wanawake wangefika mapema na kupata matibabu yanayofaa. Hesabu hiyo haikuhitaji mashine mpya za kuwapiga picha wanawake wazima. Ilihitaji mwenye uvimbe asipoteze miezi.

Sasa chukua mama mzima, asiye na dalili, umpige mamografi ya bure Jumamosi moja ya Oktoba, picha ionyeshe doa. Jumatatu anakwenda wapi? Vituo vya afya vya mitaa havina wa kumfanyia biyopsi. Ataelekezwa Sendwe au kwenye Kliniki za Chuo Kikuu, na huko hakuna tena bure. Kupasuliwa kunalipiwa. Dawa zinalipiwa. Akiandikiwa mionzi, wenye uwezo wanapanda ndege kwenda India au Afrika Kusini, na wengine wanavuka Kasumbalesa kuelekea Lusaka, ambako hospitali ya saratani ilianza kazi mwaka 2007. Ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, pamoja na karatasi za mpakani, chumba cha kulala kwa wiki kadhaa, na mtu wa kumsindikiza ambaye naye anaacha kazi. Kampeni iliyompa jibu la kwanza bure na kumwacha hapo imempa hofu na kumnyang'anya usingizi.

Kuna watakaosema: basi kina mama wajipime wenyewe nyumbani, haigharimu kitu. Hilo nalo lilijaribiwa, na kwa ukubwa. Huko Shanghai wafanyakazi wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili, moja likafundishwa kwa bidii kujipapasa matiti kila mwezi kwa utaratibu maalumu. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: vifo vilikuwa sawasawa katika makundi yote mawili, na waliofundishwa walipasuliwa mara nyingi zaidi kwa uvimbe usio na madhara. Mwanamke akilijua titi lake, likibadilika ataona mapema, na hilo ni jema. Lakini asipewe ratiba ya kila mwezi kama dozi, halafu akiugua ajilaumu kwamba hakujipima vizuri. Tumeshasikia lawama hiyo kwenye matanga, na inauma.

Njia ambayo sisi tunaiona inafaa zaidi mji huu ina mfano Mumbai, India. Kuanzia mwaka 1998 wanawake 151,538 wa miaka 35 hadi 64, wengi wao wa mitaa ya maskini, waliingizwa kwenye utafiti. Nusu yao walipapaswa matiti kila baada ya miaka miwili na wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo kwa wiki chache. Hakukuwa na mashine wala umeme wa kutegemea. Baada ya miaka 20, mwaka 2021, matokeo yalitangazwa: saratani ziligunduliwa zikiwa bado ndogo, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50 faida ya vifo haikuonekana wazi, na hilo pia liambiwe watu. Anayejua jinsi umeme unavyokatika hapa mjini ataelewa kwa nini mikono iliyofundishwa inatuvutia kuliko mashine ya dola nyingi inayosubiri jenereta.

Wauguzi tunao. Kila zone ya afya ya Lubumbashi ina vituo vyake, na kina mama wanapita hapo kila siku na watoto wa chanjo. Muuguzi aliyefundishwa vizuri kupapasa, mwenye daftari la kuandika, na mwenye namba ya mtu mmoja tu mjini wa kumpelekea mgonjwa bila kumzungusha, anaweza kuifupisha ile miezi minane. Hatudai kwamba ni rahisi. Tunadai kwamba ni jambo ambalo mganga mkuu wa jimbo anaweza kuanza nalo kwenye zone mbili au tatu bila kungoja mfadhili wa mashine.

Kuhusu uamuzi wenyewe, lazima tuseme pia kinachotokea nyumbani. Tumekutana na kina mama ambao hawakwenda kupimwa kwa sababu mume hajarudi kutoka machimbo ya Kolwezi, na bila yeye hakuna ruhusa. Wengine waliambiwa na mchungaji wafunge siku 21 kwanza. Wengine, na hawa ni wengi, wanaogopa kukatwa titi kuliko wanavyoogopa kufa, kwa sababu wameona rafiki aliyeachwa na bwana baada ya upasuaji. Hofu hiyo si ujinga. Ina msingi wake, na inajibiwa kwa maelezo. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, mara nyingi upo uwezekano wa kuondoa sehemu tu na kuliacha titi, ingawa hapo mionzi huhitajika, na tumeshasema mionzi iko wapi. Wengine saratani yao ni ya aina inayosikia dawa ya vidonge iitwayo tamoksifeni, ya zamani na isiyo ghali, inayomezwa kwa miaka. Lakini ili kujua, kipande cha biyopsi kinahitaji kupimwa zaidi. Mambo haya anastahili kuyajua mwenye titi, na mume wake, na ndiyo, hata mchungaji wake. Uamuzi wa mwisho ni wa mama. Familia imsaidie nauli.

Mama ambaye amepoteza mama yake mzazi au dada yake kwa ugonjwa huu, hasa kama waliugua wakiwa bado vijana, asichukulie hesabu za hapo juu kuwa zake. Hatari yake ni kubwa zaidi na mazungumzo yake na daktari yaanze mapema, kabla hata ya miaka 40.

Kwa wanaopanga Oktoba ijayo tunaomba mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Kabla ya kumpanga mama kwenye foleni, aulizwe kwanza kama ameona mabadiliko yoyote. Akisema ndiyo, atolewe kwenye foleni hiyo na apelekwe moja kwa moja kwa daktari. Asiye na dalili aelezwe kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, si kwa Kifaransa cha karatasi, kipimo kinaweza kumpa nini na kumgharimu nini, kisha aachwe aseme ndiyo, hapana, au nitarudi. Akipimwa, apewe jibu lake kwa maandishi, mkononi mwake. Na bango linalosema "bure" liseme pia bure inaishia wapi: ni papasa tu, ni ekografi, ni biyopsi? Asiyeweza kuandika hivyo kwenye bango lake, tunamshauri apunguze fulana na pesa hiyo ailipie biyopsi za kina mama watakaokutwa na uvimbe.

Kwa serikali ya jimbo tuna swali moja, na tutalirudia kila mwezi, si Oktoba pekee: mwanamke wa Lubumbashi anayefika leo kituoni na uvimbe anapata jibu la biyopsi baada ya siku ngapi? Kama kuna daftari lenye hesabu hiyo, tuko tayari kuichapisha. Kama halipo, tunaomba lifunguliwe, na jina la kwanza liandikwe wiki hii.